Sili ya mashine ya kufulia kutoka Mwanjelwa, na mzee aliyeniuzia

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza: elfu tisa. Hiyo ni sili moja, yaani raba ya kuzuia maji, ya upande wa kukamulia, ya mashine ya matangi mawili, pamoja na bushi yake ndani, ile pete ya chuma inayoshika chuma kinachozunguka. Mota mpya, ambayo fundi wa kwanza alitaka niinunue, ilikuwa elfu hamsini na tano bila hela ya ufundi. Msimu mzima wa mvua umepita tangu tuifunge hiyo sili, mashine inafanya kazi karibu kila siku, na chini yake ni pakavu. Sili naisifia, ila muuzaji namsifia zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Mimi niko Tukuyu. Nafua shuka na taulo za gesti, na nguo za watu wasio na nafasi ya kufua. Kwa asiyeijua Tukuyu, huku mvua inanyesha mpaka ndugu zetu wa Mbeya mjini wanatuonea huruma. Inaanza Novemba, inapiga hadi Mei, na hata Juni na Julai, kwingine kukiwa kiangazi kabisa, sisi tuna manyunyu na ukungu unaoshuka kutoka mlima Rungwe. Shuka ukiianika asubuhi bila kuikamua vizuri, jioni unaianua ikiwa bado nzito, na ikilala hivyo inaanza kunuka uvundo. Mteja wa gesti haelewi habari za ukungu. Yeye anataka shuka kavu kitandani saa nane mchana. Kwa hiyo upande wa kufulia ukiharibika naweza kujikaza kwa beseni na mikono. Upande wa kukamulia ukiharibika, kazi imesimama.

Nadhani wengi mnaosoma hapa mnazo mashine kama yangu: kushoto unafua, kulia unakamua, na nguo unazihamisha mwenyewe kwa mkono. Bei yake inavumilika, maji unaweza kuijazia kwa ndoo bomba lisipotoka, na umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Kila upande una mota yake. Ya kukamulia imekaa wima chini kabisa, juu ya springi tatu. Kikapu kina shafti ya chuma inayoshuka, inapita kwenye tundu la sakafu ya tangi, inakutana na breki, kisha mota. Pale kwenye tundu ndipo sili inapokaa. Inatakiwa iache chuma kizunguke huku maji yakibaki juu, na chuma chenyewe kinazunguka zaidi ya mara 1,300 kwa dakika. Raba hiyo si kubwa kuliko kikombe cha kahawa, lakini ndiyo iliyosimama katikati ya maji na mota yenye umeme.

Yangu ilianza kwa maji kidogo kona ya nyuma kulia, ambayo ungeweza kudhani ni ya kumwagika tu wakati wa kuhamisha nguo. Baadaye yakawa yanatoka kila nikikamua. Kisha ikaja sauti ya kukwaruza, na breki ikawa haishiki: nafungua kifuniko, kikapu kinaendelea kuzunguka muda mrefu kabla ya kusimama. Hiyo ya breki naomba muishike, kwa sababu kumbe ni dalili ya sili. Maji yakishuka na shafti yanalowesha breki, na breki iliyolowa inateleza.

Fundi wa kwanza niliyemwita simtaji. Alikuja na begi zuri, akaona maji sakafuni, akasema tangi limepasuka. Hakuinama kuangalia chini. Hakufungua bati la nyuma. Alitoa silikoni akapaka ndani ya tangi kuzunguka tundu lote, akapaka na nje, akachukua hela yake akaondoka. Siku chache mashine ikavuja tena. Aliporudi akaja na maneno mapya, kwamba mota imeingia maji na imekufa, nimpe elfu hamsini na tano akanunue nyingine. Nikamuuliza, fundi, kama uliziba, maji yameifikiaje mota? Akanijibu, "Mama, hizi mashine za siku hizi ndivyo zilivyo."

Silikoni yenyewe ni kitu kizuri. Kwenye ufa wa tangi, kwenye kiungo kisichotembea, inashika vizuri. Lakini kwenye shafti inayozunguka haina kazi. Ama inanata na kuikaba shafti, ama inachanika mzunguko wa kwanza tu na kubaki inaning'inia. Kama fundi wako anapaka silikoni mahali panapozunguka, mwambie asimame hapohapo.

Nikapanda Coaster kwenda Mbeya kutafuta mota kwa bei nafuu. Soko la Mwanjelwa wengi mnalijua, kitu usichokipata pale basi pengine hakiuzwi ukanda huu. Kwenye mistari ya wauza spea za vyombo vya umeme kuna kibanda kidogo kisicho na bango, kimejaa raba, mikanda, taima, kapasita na feni za kufulia zimetundikwa hadi darini. Mwenye kibanda ni mzee wa makamo, mpole wa sauti, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Karibu."

"Natafuta mota ya kukamulia."

Hakunyanyuka kuitafuta. Akaniuliza, "Iliyopo imefanyaje?"

"Fundi anasema imekufa."

"Ukiwasha imenyamaza kabisa, au inanguruma?"

"Inazunguka vizuri tu, ila maji yanamwagika chini."

"Basi haijafa, mama. Hayo maji yanatokea wapi?"

Hapo ndipo nilipoishiwa maneno, maana hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Fundi aliyefika hadi nyumbani hakuliuliza. Mzee akasema hawezi kuniuzia mota, na hata sili haniuzii, mpaka tujue maji yanatokea wapi. Nikamwambia natoka Tukuyu, nauli ya kwenda na kurudi si ndogo kwangu. Akauliza kama nyumbani kuna mtu. Kijana wangu alikuwepo, amemaliza kidato cha nne, anangoja matokeo. "Mpigie," akasema, "nitaongea naye mimi."

Kipimo alichomwelekeza kwa simu ndicho ninachotaka kila mwenye mashine hizi akijue, kwa sababu hakigharimu kitu. Kwanza chomoa plagi ukutani, si kuzima swichi tu. Fungua bati la nyuma, funika mota ya kulia kwa nailoni. Tandaza boksi kavu chini ya mashine yote. Mpira wa kutolea maji machafu uweke juu ya stuli ili maji yasikimbie. Sasa jaza maji safi kidogo upande wa kushoto, na upande wa kulia mimina jagi moja la maji uliyokorogea bluu ya nguo, hii tunayotilia mashati meupe. Usiwashe chochote. Ngoja, halafu soma boksi.

Tone likiwa jeupe, kosa liko upande wa kufulia. Maji ya kushoto yakipungua yenyewe bila tone lolote chini, vali ya kutolea maji haifungi, na mara nyingi imeshikwa na kifungo, pini au nyuzi. Tone likiwa la bluu karibu na kona ya mpira, angalia mpira wenyewe na klipu yake. Tone likiwa la bluu katikati, chini ya mota, ni sili.

Tukakaa pale kibandani tukisubiri. Mzee akaendelea na wateja wake, mimi nikapewa kigoda. Picha ikaingia WhatsApp: boksi la kaki, na katikati duara moja la bluu, kubwa kama sahani ya chai, na vidoa vidogo pembeni yake kama vimerushwa. Mzee akavua miwani, akaisogeza simu karibu na macho, akasema, "Umeona, mama? Mota yako nzima."

Angeweza kuniuzia ile mota. Nilikuwa na hela mkononi na nilikuwa nimeshaamini imekufa. Akanitajia elfu tisa.

Kisha likaja suala la saizi. Shafti za mashine hizi hazilingani, kuna za milimita 10 na za milimita 12, na upana wa nje wa raba nao unatofautiana. Ndiyo maana wauza spea wanataka sampo, uende na ile ya zamani. Mimi sikuwa nayo, ilikuwa bado ndani ya mashine. Mzee akaomba picha ya stika ya nyuma, akaisoma, akatoa sili mbili, akazifunga pamoja kwa raba bendi. "Lipa moja. Itakayoingia baki nayo, nyingine mpe konda aniletee." Akaandika kwenye daftari lake jina langu na neno Tukuyu. Basi. Hakutaka kitambulisho wala rehani. Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana, akacheka, akanijibu kwa Kinyakyusa safi kuliko changu.

Niielezee sili yenyewe kidogo, maana sokoni ziko za aina mbili na kwa macho zinafanana. Zile za kupangwa chini kwenye turubai zinauzwa elfu nne. Raba yake ni ngumu, ukiikunja inabaki na alama nyeupe, na ndani haina bushi, kwa hiyo unatakiwa uing'oe ya zamani uihamishie. Bushi ya zamani kama imeshalika, shafti inacheza, na raba mpya inaanza kuliwa upande mmoja tangu siku ya kwanza. Hii ya elfu tisa ni laini, unaikunja na inarudi. Ina bushi mpya imekaa katikati, na mdomo wake wa juu umezungukwa na springi nyembamba kama uzi inayoubana mdomo kwenye shafti. Mzee alinionyesha kwa kidole chake kidogo: ukikiingiza unasikia mdomo unakibana pande zote sawasawa. Ya elfu nne ilikibana upande mmoja tu. Kwa tofauti ya elfu tano, kwa kitu kinachokaa juu ya umeme, sioni sababu ya kubania.

Kuifunga tumefunga wenyewe, mimi na kijana. Inawezekana kabisa, lakini si kazi ya kufanya huku una haraka. Plagi imechomolewa na imelala juu ya meza ambapo kila mtu anaiona. Ndani kuna kapasita, kile kiboksi chenye nyaya kadhaa, na kinaweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo ncha zake hazishikwi. Tulipiga picha ya nyaya zote kabla ya kugusa chochote.

Breki ni sahani ya duara juu ya mota, na ubavuni mwake kuna bolti mbili zinazobana shafti, kila moja ina nati yake ya kuifunga isilegee. Spana namba 10 ilitosha. Kifuniko cha kukamulia kikiwa wazi, breki imeshika na sahani haizunguki, kwa hiyo bolti ya pili huifikii. Funga kifuniko, breki inaachia, unazungusha kwa mkono. Kijana alipambana na ile sahani hadi mzee alipomwambia hilo kwa simu. Bolti zilikuwa na kutu kwa ajili ya maji yaliyokuwa yanashuka, tukaziwekea mafuta ya kulegeza, tukanywa chai, tukarudi, zikakubali.

Kikapu kinatoka kwa juu. Kwenye mashine yangu ilitosha kuondoa kifuniko, lakini zipo ambazo lazima ufungue uso wote wa juu wenye swichi. Kinahitaji watu wawili, mmoja ananyanyua huku anakitikisa, mwingine anasukuma shafti kutoka chini. Kilipotoka ndipo tulipoona kisa chote.

Chini ya kikapu, kuzunguka shafti, kulikuwa na pete nyeusi ya nyuzi. Nyuzi za taulo, nywele, na utepe mwembamba kama wa pindo la shuka, vyote vimesokotana na kushikamana kwa sabuni hadi vikawa vigumu kama waya. Hiyo pete ilikuwa imeingia chini ya mdomo wa sili. Mdomo wenyewe haukuwa tena mviringo. Upande mmoja ulikuwa mzima, na upande mwingine umelika hadi unaona chuma cha bushi. Juu yake yote silikoni ya yule fundi, imechanika vipande. Kuibandua ile silikoni kulichukua muda kuliko kazi nyingine yoyote siku ile. Tulitumia kijiko cha plastiki, maana kisu kingekwaruza kiti cha sili, yaani pale inapokaa, na kiti kikikwaruzwa hata sili mpya inavuja pembeni.

Shafti nayo iangalie. Pale ilipokuwa inasuguana na nyuzi ilikuwa na mkwaruzo mwepesi, ukipitisha ukucha unausikia. Tuliisugua kwa msasa laini sana wenye maji mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Shafti iliyochimbika kabisa hakuna sili itakayoiokoa, hapo unabadilisha kikapu au shafti yake.

Sili ya milimita 10 ndiyo iliyoingia. Grisi tuliyotumia ni ya silikoni, ile nyeupe. Mzee alisisitiza tusipake grisi ya gari, kwamba kuna raba inazivimbisha. Unapaka kwenye mdomo na ndani ya bushi, unaisukuma sili kwenye tundu hadi ukingo wake ukae sawa kuzunguka pote, unapitisha kidole kuhakikisha. Halafu unashusha kikapu taratibu huku unakizungusha, kwa sababu ukikishindilia mdomo unajikunja kwa ndani na kazi yote imekuwa bure. Kwenye shafti kuna mahali pamesawazishwa bapa, na bolti lazima ikae hapo. Ikikaa kwenye mviringo itateleza ukiwasha. Kaza bolti, kisha kaza nati zake.

Kabla ya kufunga bati la nyuma tukarudia kipimo cha bluu. Boksi likabaki la kaki.

Mafungu ya mwanzo kulikuwa na sauti nyembamba ya raba mpya, ikaisha yenyewe. Breki imerudi, kifuniko kikifunguka kikapu kinasimama upesi. Shuka ninayoitoa inakuwa nyepesi kiasi kwamba hata siku ya ukungu, nikiitundika barazani penye upepo, inakubali kukauka. Mvua zilipopungua nilifungua bati la nyuma kwa makusudi kukagua. Breki kavu, mota kavu, vumbi la kawaida tu.

Nimebadilisha na namna ya kufanya kazi, kwa sababu sili haikufa kwa uzee. Taulo na vitu vyenye nyuzi vinaingia ndani ya foronya iliyofungwa mdomo. Nguo kwenye kikapu napanga kuzunguka, sirundiki upande mmoja, na kile kisahani cha plastiki cha kukandamizia juu ya nguo nakitumia kila mara. Kikapu kilichoelemewa upande mmoja kinapiga tangi, na kipigo chote kinabebwa na bushi. Mpira wa maji machafu unalala chini moja kwa moja hadi mfereji. Hili nalisema kwa sababu nimeona kwa majirani zangu zaidi ya mmoja wameunyanyua juu kuutupia kwenye sinki. Mashine hizi nyingi hazina pampu, maji yanatoka kwa kushuka tu. Ukiunyanyua, maji yanarudi tangi la kulia, kikapu kinazunguka ndani ya maji na povu, na sili inabeba mzigo ambao haukuwa wake.

Sasa yasiyoniridhisha, maana si sawa kusifia upande mmoja tu. Sili haikuja na paketi yenye jina la mtengenezaji, imeandikwa saizi kwa kalamu ya wino tu. Huwezi kujua kama utakayonunua mwakani itakuwa ya kiwanda kilekile. Risiti hakuna, ni daftari lake na neno lake. Kwangu neno lake lilitosha, lakini anayenunua kwa hela za ofisi atapata shida. Kibanda kinachelewa kufunguka asubuhi, ukishuka na gari la alfajiri kutoka kwetu utakaa kwenye benchi la mama ntilie ukingoja. Na simu yake anapokea akitaka. Akiwa na mteja hapokei kabisa, lazima uwe mvumilivu.

Vilevile klipu za mpira hana, na raba ya vali ya upande wa kufulia alikuwa ameishiwa. Hizo nilizipata mistari ya mbele.

Kwa wenye mashine za mlango wa mbele, sili hii haiwahusu. Nilimuuliza kwa niaba ya mwalimu mmoja jirani yangu ambaye yake inamwaga maji mlangoni. Alichosema ni kwamba kabla ya kununua raba ya mlango, ambayo bei yake ni nyingine kabisa, aikunjue raba yote aifute ndani. Aangalie kama vile vitundu vidogo vya raba viko chini na viko wazi, asafishe chujio la kona ya chini, kisha apunguze sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono inatoa povu jingi, na povu likizidi linatafuta njia popote. Mwalimu alifuta raba, akatoa soksi ya mtoto na sarafu kwenye chujio, akabadilisha sabuni. Hajanunua kitu hadi leo.

Ukienda pale, nenda na sili ya zamani kama umeweza kuitoa, osha kwanza ili saizi isomeke. Kama hujaitoa, piga picha ya stika ya nyuma na picha ya boksi lako la bluu. Omba yenye bushi na springi mdomoni, ijaribu kwa kidole mbele yake, na ununue na grisi nyeupe hapohapo, ni elfu mbili. Sili ya pili, ile isiyoingia, nilimpa konda kesho yake na mzee akanitumia ujumbe kwamba imefika. Kuna kijana jirani na kibanda chake anayefunga kwa elfu kumi na tano ukimpelekea mashine. Kwa mtu wa Mbeya mjini asiye na wa kumsaidia kunyanyua kikapu, hiyo ni bei ya haki. Sisi wa Tukuyu, Kiwira na Kyela nauli ya mzigo peke yake itazidi hapo, kwa hiyo nunua sili, tafuta spana namba 10 na mtu mmoja mwenye nguvu, mfunge nyumbani.